Maswali ya Reli: Stesheni Iliyotangulia Mtaa Wake

Shikamoo Mama. Nasomea mipango miji. Mwalimu wetu anasema watu huhamia mahali kwanza, na wakishakuwa wengi ndipo stesheni ya treni inajengwa kuwafuata. Wewe uliyekaa reli miaka mingi, unakubali?

Marahaba mwanangu. Yapo maeneo yaliyokwenda hivyo. Lakini kuna stesheni moja nimeisoma sana, na mguu wangu umefika, ambayo mambo yake yalianzia mwisho. Inaitwa Surbiton, kusini magharibi mwa London.

Reli ya London na Southampton ilifungua kipande chake cha kwanza tarehe 21 Mei 1838, kutoka Nine Elms, London, hadi Woking. Njia ile iliuacha kando mji wa Kingston, mji wa kale wenye soko ukingoni mwa mto Thames, ikapita karibu kilomita 2 kusini yake. Kampuni ikaweka stesheni huko huko mashambani na kuipa jina la Kingston, kwa sababu hilo ndilo abiria wangelitambua. Hebu fikiria unashuka na mizigo yako mahali panapoitwa Kingston, unatazama kulia na kushoto, unaona mashamba matupu.

Mtu mmoja wa Kingston, Thomas Pooley, alinusa mapema kitakachokuja. Akanunua ardhi jirani na reli, akachora barabara, akaanza kupandisha nyumba. Fedha zilimkatikia njiani na wengine wakaja kumalizia, lakini mtaa ulikuwa umeshazaliwa. Ulikuwa mgeni kiasi kwamba hata jina la kudumu haukuwa nalo. Wako waliouita Kingston-upon-Railway, yaani Kingston ya kwenye reli, kuutofautisha na ule wa mtoni. Mwaka 1863 Kingston yenyewe ilipata stesheni yake, na ile ya zamani ikaja kubaki na jina la Surbiton mpaka leo.

Sasa mwanangu, usiishie kwenye jengo. Uliza nauli ilikuwa kiasi gani, na treni ya kwanza ilipita saa ngapi. Surbiton ilivuta watu wa ofisini wenye uwezo wa kulipia kwa mkupuo tiketi ya msimu, yaani ya safari za muda mrefu. Upande wa kaskazini mashariki mwa London ikawa vingine kabisa. Kampuni ya Great Eastern ilipotaka kuingiza reli yake katikati ya jiji, hadi pale ilipojengwa stesheni ya Liverpool Street, ilibidi ibomoe nyumba za maskini. Bunge lilikubali mwaka 1864, lakini likaiwekea sharti: iendeshe treni za alfajiri za wafanyakazi kutoka Edmonton na Walthamstow, kwenda na kurudi kwa peni 2. Vitongoji hivyo vikajaa mafundi na vibarua. Mwaka 1883 sheria nyingine ikasambaza wajibu wa treni za wafanyakazi kwa kampuni nyingine pia. Mimi naamini peni zile 2 zilijenga nyumba nyingi kuliko mchoro wowote wa mpangaji mji, na ningependa uzipeleke darasani.

Nilifika Surbiton nilipokwenda kumwona binti yangu akiwa masomoni. Jengo la sasa ni la mwaka 1937, kazi ya James Robb Scott, msanifu majengo wa kampuni ya reli ya Southern: zege jeupe, dari ya ukumbi iko juu sana, na nje mnara wa saa unaoonekana kabla hujaiona stesheni yenyewe. Nilisimama ukumbini asubuhi mapema. Kila aliyeingia kutoka barabarani aliinua macho kwenye saa ile, kisha ama akapunguza mwendo, ama akaanza kukimbia. Stesheni ya Waterloo, katikati ya London, ni kilomita 19 kutoka pale, na treni ya haraka inakufikisha kwa dakika kama 20.

Mama, nimekuta tiketi ndogo ya kadi ngumu kwenye sanduku la marehemu babu. Ina namba, na kona yake imekatwa. Kwa nini?

Itunze sana, mwanangu. Kadi hizo ni ubunifu wa Thomas Edmondson, fundi seremala aliyekuja kuwa stesheni masta kaskazini mwa Uingereza miaka ya 1830. Kabla yake karani aliandika kila tiketi kwa mkono, foleni ikisubiri. Yeye akachapisha kadi mapema, zenye namba zinazofuatana, na akabuni mashine ya kugonga tarehe.

Nimeziuza kadi hizo miaka 11. Kila stesheni ya kushukia ina rundo lake la kadi kwenye kabati la dirishani, unachomoa ya chini, unaisukuma kwenye mashine, inagonga, unampa abiria. Jioni unachukua namba ya kufungia, unatoa namba ya kufungulia, unazidisha kwa nauli. Fedha mezani lazima ziwe hizo hizo. Na makao makuu wakijumlisha namba za stesheni zote wanajua wapi abiria wamezidi, wapi pa kuongeza behewa.

Hiyo kona iliyokatwa inaelekea ilikuwa tiketi ya mtoto. Stesheni ikikosa kadi za nusu nauli, karani aliikata ya mtu mzima na kubaki na kile kipande kama ushahidi wa hesabu. Ulikuwa ukikipoteza, tofauti unailipa wewe. Nilikuwa naviweka vyangu kwenye kopo la poda ya mtoto, na kabla ya kufunga hesabu navimwaga mezani navihesabu mara mbili. Kwa hiyo huenda tiketi hiyo babu aliisafiria akiwa mdogo, akaihifadhi maisha yake yote. Huko Uingereza kadi hizo ziliendelea kutumika kwenye reli ya taifa hadi mwaka 1990.

Treni ya haraka inapita stesheni yetu bila kusimama wakati tumejaa jukwaani. Huku si kutudharau?

Naielewa hasira hiyo, nimesimama mbele yake na bendera mkononi. Treni inayosimama hupunguza mwendo, hupakia, kisha huanza upya. Dakika 2 hivi zimekwenda. Stesheni 10 ni dakika 20 kwa wanaotoka mbali. Ndiyo maana kwenye njia zenye msongamano hutandikwa reli nne, mbili za treni za haraka na mbili za zinazosimama kila mahali. Jirani ya Surbiton ipo Berrylands, iliyofunguliwa 1933. Majukwaa yake yapo kwenye reli za pembeni tu, hivyo treni ya haraka haina hata pa kushushia abiria.

Mnachoweza kudai kwa haki ni treni za pole zilizo nyingi na zinazofika kwa saa yake. Andikeni kwa siku 14 saa kila treni ilipofika na wangapi walibaki jukwaani, mpeleke karatasi hiyo kwa stesheni masta wenu.