Kabla ya kuing'oa klasta: pima umeme katika kila hali ya ufunguo

Gari likiletwa gereji na deshibodi inayopepesa, mishale inayorukaruka au taa zote za onyo zikiwaka kwa pamoja, fundi asiye na uzoefu hukimbilia bisibisi. Subiri. Mara nyingi klasta yenyewe, yaani kifaa cha deshibodi chenye mishale na taa za onyo, ni nzima; kinachoumwa ni umeme unaoifikia, na hutaugundua ukipima gari likiwa limezimwa tu.

Klasta inategemea nyaya tatu. Waya mmoja una umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Wa pili hupata umeme ufunguo ukifika ON, hatua ya mwisho kabla ya kupiga stata. Wa tatu ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi. Magari ya kisasa yana nyaya mbili zaidi, zilizosokotwa pamoja, za mtandao wa CAN, ambao kompyuta za gari huutumia kuwasiliana: ndizo zinazoleta spidi, mizunguko ya injini na joto. Hesabu ya kilomita hukaa kwenye chipu isiyohitaji umeme kuikumbuka, kwa hiyo kutoa betri hakuifuti. Saa na kilomita za safari ndizo hurudi sifuri katika magari mengi.

Anza na betri, gari likiwa limepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 imejaa, 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.0 karibu inakwisha. Ukigeuza ufunguo hadi ACC, hatua iliyo kabla ya ON, redio itawaka lakini klasta katika magari mengi itabaki kimya. Usiandike kuwa imekufa. Ufunguo ukifika ON, taa za onyo huwaka kujipima, na mishale inayoendeshwa na mota za hatua (mota ndogo zinazogeuka hatua kwa hatua) huenda ikapanda na kushuka ili kutafuta sifuri yake. Taa ya oili na ya betri zibaki zimewaka mpaka injini iwake.

Hapo kwenye taa ya betri, tulia kidogo. Katika magari mengi ya zamani, umeme wa kuiamsha alteneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, hupita kwenye taa hiyo. Balbu ikiungua, au mtu akichomoa klasta kisha akaliwasha gari, alteneta inaweza kukataa kuchaji. Fundi huuza alteneta nyingine, na gari hurudi na shida ileile.

Hali inayodanganya wengi ni ya kupiga stata. Stata huvuta umeme mwingi, volti za betri hushuka. Zikibaki juu ya 9.6, sawa. Ndani ya klasta kuna rigyuleta, kidhibiti cha volti, inayotoa volti 5 kwa ubongo wake. Umeme unaoingia ukishuka mno, ubongo hujizima na kuanza upya. Ndipo unapoona mishale ikianguka na taa zikipepesa, huku stata ikigonga tu, tak-tak-tak. Hiyo ni betri iliyochoka au tamina iliyolegea. Injini ikishawaka, tegemea volti 13.8 hadi 14.5. Zikizidi 15, angalia rigyuleta ya alteneta kabla haijaunguza vitu. Wala usichomoe betri injini ikinguruma: volti hupanda ghafla, na klasta inaweza kuwa ya kwanza kufa. Na kamwe usijampie gari la volti 12 kwa lori la volti 24.

Sasa jambo linalotuhusu sisi wa Malindi hasa. Hewa ya bahari huingia kwenye viungo vya umeme na kuotesha kutu ya kijani kwenye shaba. Pikapu zinazofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni huathirika zaidi. Kwa hiyo athi usiiamini kwa macho. Washa taa kubwa, ufunguo ON, weka ncha moja ya mita kwenye pini ya athi ya klasta na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, athi ni mbovu, hata kama bolti inang'aa. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, toka betri hadi pini ya klasta. Ukipoteza zaidi ya nusu volti, chunguza kishikio cha fyuzi na plagi. Fungua bolti ya athi, piga msasa mpaka bati liwe jeupe, kaza, ndipo upake grisi juu. Ukitanguliza grisi unafunga kutu ndani.

Gari linalokaa bila kutumika, kama yale ya nyumba za wageni wanaokuja msimu kwa msimu, lina shida yake. Funga milango, subiri nusu saa kompyuta zote zilale, kisha pima mkondo kwa tundu la 10 A la mita. Ukifungua mlango zinaamka, uanze kungoja upya. Miliampea 50 ni kawaida, lakini kwa wiki tatu hizo ni kama Ah (ampea-saa) 25, zaidi ya nusu ya betri ya Ah 45. Ikisoma 300, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke.

Nyaya za CAN usiziguse kwa testa ya balbu. Toa kichwa cha betri, pima omu kati ya hizo mbili. 60 ni sawa. 120 maana yake upande mmoja umekatika, na karibu na sifuri zimegusana.