Mvuvi aliyeopolewa ziwani mwili umepoa: apewe usingizi lini?

Dada uliyeuliza kama mvuvi aliyeopolewa alfajiri, mwili umepoa na mfupa wa mguu umetokeza nje, anaweza kuingizwa chumba cha upasuaji mara moja: kwa uzoefu wangu wa kutoa usingizi hapa Kigoma, kwanza apashwe joto, isipokuwa anavuja damu isiyozuilika.

Wengi hawaamini kwamba mtu anaweza kupoa hivyo kwetu. Lakini maji ya Ziwa Tanganyika, hata yakiwa na nyuzi 25, ni baridi kwa mwili wa nyuzi 37, na aliyeshikilia ubao wa mtumbwi usiku kucha hupokonywa joto haraka kuliko angekuwa nchi kavu. Kipimajoto nacho hudanganya, kwa kuwa vingi vya zebaki huanzia nyuzi 35, hivyo mgonjwa wa nyuzi 31 huandikwa 35 na zamu ikaridhika. Mimi humwogopa zaidi yule aliyeacha kutetemeka na kuanza kuongea ovyo kuliko anayetetemeka. Mgeuzeni taratibu, kwa maana chini ya nyuzi 28 kusukwasukwa tu kunaweza kuuvuruga moyo usisukume damu tena.

Kwenye dawa ndipo penye hatari kubwa. Damu inazunguka polepole, kwa hiyo ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, huchelewa kufanya kazi, na asiye na subira huongeza dozi ya pili ambayo baadaye hujumlika na ya kwanza. Toa kidogo, kisha subiri. Mahitaji ya halothani, dawa ya usingizi ya kuvuta, hupungua kwa takriban asilimia 5 kwa kila nyuzi inayoshuka, na vekuroniamu, dawa ya kulegeza misuli, inaweza kudumu maradufu kwa upungufu wa nyuzi 2 tu. Suksamethoniamu, ambayo nayo hulegeza misuli, naiepuka pale misuli iliposagika, kwa sababu potasiamu katika damu huenda tayari imepanda na dawa hiyo huipandisha zaidi. Ganzi ya mgongoni, ambayo wengi huiona salama, hufungua mishipa ya miguu, ikashusha presha na kuzuia kutetemeka kunakozalisha joto. Tena damu ya aliyepoa haigandi vizuri, jambo linaloiongezea sindano hiyo hatari.

Vueni nguo mbichi, mfunikeni kichwa na kiwiliwili, zimeni kiyoyozi, na dripu ipashwe hadi nyuzi 38 au 40. Chupa za maji ya moto zifungwe kitambaa, kwani ngozi iliyopoa huungua bila mgonjwa kuhisi. Kipima oksijeni kikikataa kusoma kwenye kidole, jaribuni ndewe ya sikio. Baada ya upasuaji siondoi mpira wa kupumulia ulio kooni kabla mwili haujafika nyuzi 36 na mgonjwa hajaweza kuinua kichwa mwenyewe.