Maswali ya Wasomaji: Figma ninaijua, mbona kazi sipati?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni kijana wa miaka 26, ninaishi Majengo, Moshi. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitengeneza mabango na kadi za harusi katika steshenari moja hapa mjini. Mwaka jana nilijifunza Figma, programu ya kompyuta ya kuchorea skrini, kwa kutazama video, na sasa ninachora skrini za programu za simu ambazo kila anayeziona anazisifu. Nimeitwa mara mbili Arusha kwenye usaili wa kazi ya ubunifu wa uzoefu wa mtumiaji, yaani kupanga jinsi mtu atakavyoitumia programu, na mara zote mbili nimeulizwa: “Ulijuaje kwamba kitufe hiki kikae hapa?” Nikakosa la kusema. Ni ujuzi gani ninaoukosa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Swali uliloulizwa ni la haki, na ndani yake mna karibu kazi yote. Kuchora skrini ndiyo sehemu rahisi kujifunza, na ndiyo maana uliimudu peke yako kwa muda mfupi. Kinachotangulia ni kumjua mtu atakayeishika simu: anataka kumaliza jambo gani, yuko mahali gani anapolifanya, na yeye mwenyewe hulitaja kwa maneno gani. Don Norman, aliyelieneza jina hili la uzoefu wa mtumiaji alipokuwa katika kampuni ya Apple mwaka 1993, alisomea uhandisi wa umeme na saikolojia, wala hakuwa mchoraji. Alitaka jina pana kwa sababu aliona kwamba kuzungumzia skrini peke yake kunaacha nje mengi yanayompata mtu kabla ya kuitazama na baada ya kuiacha.

Nikupe mfano wa huko kwenu. Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kutengeneza programu ya simu kwa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, katika miteremko ya Kilimanjaro. Mkulima hupeleka kahawa yake ya maganda, hupewa malipo ya awali, kisha hungoja malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa. Katikati ya skrini yetu tuliandika neno “Salio” kwa herufi kubwa, na chini yake sifuri, tukiwa na maana kwamba malipo ya pili hayajaingia. Mama mmoja tuliyemkuta akigeuza kahawa kwenye kichanja alipangusa mikono kwa khanga, akaipokea simu, akaikinga jua kwa kiganja, akasoma polepole, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwanangu, kwa hiyo kilo zangu hazikuandikwa?”

Maelezo yalikuwa yamenifika mdomoni, lakini mwenzangu aliyenizidi kwa uzoefu alinitazama, nikanyamaza. Mama yule akaingia ndani, akatoka na risiti iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaikunjua kando ya simu ili alinganishe. Risiti ilikuwa na safu tatu: kilo, malipo ya awali, malipo ya pili. Wiki ileile tuliifuta skrini yetu na kuandika mistari mitatu kwa mpangilio wa risiti ile, na pale penye sifuri tukaandika “Kahawa bado haijauzwa”. Kama ningemweleza maana ya salio, angeitikia kwa adabu, na risiti ile nisingeiona kamwe.

Huo ndio ujuzi ninaouweka mbele ya mingine yote: kumtazama mtu akihangaika na kazi yako bila kumsaidia. Ni mgumu zaidi kwetu tuliolelewa kumsaidia mkubwa kabla hajaomba. Unafuatana na ujuzi wa kuuliza. Ukimuuliza mtu mzima wa Marangu au Machame kama programu yako ni nzuri, atakujibu kuwa ni nzuri, kwa sababu umefika nyumbani kwake na hawezi kukuvunja moyo. Mwombe badala yake akuonyeshe alivyofanya mara ya mwisho alipopokea fedha: alianza na nini, alimwita nani amsaidie, alikwama wapi. Yaliyokwisha kutendeka husimuliwa kwa ukweli zaidi kuliko maoni.

Wala huhitaji umati. Jakob Nielsen, mtaalamu wa muda mrefu wa fani hii, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya muundo mmoja, na kwamba ni afadhali kujaribu mara tatu kwa watu 5, ukirekebisha kila mara, kuliko kuwaita watu 15 kwa mkupuo mmoja.

Yako mambo ya kipimo ambayo utayashika kwa majuma machache. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ya kuwezesha kila mtu kusoma na kutumia kurasa za mtandao, inataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kwa mtu anayesoma simu katika jua la saa saba hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kitufe cha kugusa kwenye Android hushauriwa kiwe na upana wa takriban milimita 9. Vikariri, kisha uendelee.

Kuhusu kazi za kuonyesha kwenye usaili, acha kubuni programu za kampuni ambazo hujawahi kuingia mlangoni mwake. Una steshenari. Wateja wa kadi za harusi hukuletea majina kwenye karatasi au kwa ujumbe wa simu, na naamini umewahi kuchapa upya kadi kwa sababu jina la ukoo lilikosewa. Waombe wateja watano ruhusa ya kuwatazama wakitoa oda, kisha tengeneza fomu fupi ya kupokea majina hayo, uijaribu, uirekebishe. Andika ulichokiona, ulichobadilisha na kilichotokea baada ya kubadilisha. Majina halisi ya wateja usiyaonyeshe popote. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtu amekuamini. Ukiulizwa tena kwa nini kitufe kimekaa pale, utakuwa na mtu wa kumsimulia.

SWALI: Mimi ni binti niliyehitimu cheti cha TEHAMA, niko Ngaramtoni, Arusha. Je, mbunifu wa uzoefu wa mtumiaji ni lazima ajue kuandika kodi za kompyuta?

JIBU: Si lazima uiandike, dada yangu, ila ni lazima ujue chombo unachokibunia kinaweza kubeba nini. Jifunze HTML na CSS, lugha za kujengea kurasa za mtandao, kiasi cha kuelewa kwa nini fundi wa programu anasema jambo fulani litachukua siku mbili na jingine mwezi, maana mbunifu asiyeelewa hayo huishia kuchora vitu ambavyo mafundi huvipunguza bila kumuuliza.

Kwa nchi yetu ningeongeza menyu za nyota na reli, zile zinazofanya kazi hata kwenye simu ya kitochi. Ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, nafasi na namba zikihesabiwa, na anayechelewa kujibu hukatiwa na kuanza upya. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo kuchagua neno ni kazi kubwa hapo kuliko kuchagua rangi. Fungua menyu ya huduma ya fedha unayoitumia kila siku, inakili yote kwenye daftari ukurasa kwa ukurasa, hesabu herufi, kisha andika upya ukurasa mmoja uliokuwa ukikuchanganya, na umpe bibi yako ausome kwa sauti.