Hizi E za kwenye pakiti zinashusha kinga ya mwili? Majibu ya mwenye pumu

Mkuu uliyeuliza kama E zinazoandikwa nyuma ya pakiti, yaani namba za vitu vinavyoongezwa kwenye chakula, "zinashusha kinga", nakujibu kwa kirefu. Nina pumu tangu utotoni na swali hilo nimelala nalo sana.

Siku moja nilikula matunda yaliyokaushwa, yale yenye rangi ya kung'aa kama yamechumwa jana. Dakika chache tu kifua kikabana, natafuta inhela kwa kupapasa. Nikalaumu vumbi. Yaliponikuta mara ya tatu ndipo nikasoma pakiti: E220, yaani salfa dayoksaidi. Ukoo huo hadi E228 ndio salfaiti, na kazi yake mojawapo ni kuzuia tunda lisiwe jeusi. Marekani ilizipiga marufuku kwenye matunda na mboga mbichi mwaka 1986, baada ya watu kuzidiwa, wengine kufa.

Nikaingiwa na woga, nikaacha kila chenye E. Ujinga wangu niliujua baadaye: E300 ni vitamini C!

Daktari alinipima mzio kwenye ngozi, hakuna kitu. Akanieleza kwamba kwa watu wengi wa aina yangu salfaiti ikifika mdomoni hutoa gesi, ukaivuta, nayo inachokoza njia za hewa ambazo tayari zina hasira. Kwa hiyo kinga yangu haikuwa imeshuka. Mtu ambaye kinga yake imeshuka huandamwa na maambukizi. Sisi wa pumu shida yetu ni mwili kupaniki. Linganisha na E120, rangi nyekundu itokanayo na wadudu: hiyo inaweza kuleta mzio wenyewe, kwa sababu mabaki ya protini za mdudu yanatambuliwa na kingamwili. E zote mbili, njia tofauti kabisa.

Kundi linaloniumiza kichwa zaidi ni emulsifaya, zile zinazofanya mafuta na maji yakae pamoja kwenye aiskrimu na sosi. Utumbo una utando wa ute unaowaweka bakteria mbali na ukuta, na nyuma ya ukuta huo seli za kinga zimejazana. Mwaka 2015 watafiti waliwapa panya emulsifaya mbili, E466 na E433, bakteria wakausogelea ukuta na uvimbe wa chinichini (utumbo kuwaka polepole, si donge) ukaanza. Panya si mtu, sawa. Ila mwaka 2022 yalitoka majibu ya jaribio la watu 16 wenye afya, waliokula chakula kilichopangwa kwa siku 11, baadhi yao wakiongezewa gramu 15 za E466 kila siku. Hicho ni kiasi kikubwa, usikifananishe na koni moja ya aiskrimu. Bakteria zao zilibadilika, na wawili kati ya waliopewa walionekana bakteria wameingia kwenye ute. Wawili tu! Mimi hapo ndipo ninaposikiliza, kwa sababu inaonyesha matumbo hayafanani, na anayekuapia kwamba E466 "haina shida" au "ni sumu" anasemea tumbo lake.

Upande wa pili kuna nyuzinyuzi, ambazo hakuna anayezifungulia uzi. Bakteria wa utumbo mpana wakizichachusha hutoa butireti, chakula cha seli za ukuta, na pia huchochea seli za kinga zenye kazi ya kutuliza wenzao. Kwa hiyo mtu anayeishi kwa vyakula vya pakiti huenda anaumizwa pia na anachokikosa, si E peke yake.

Na kama unafikiria kupandisha kinga kwa vidonge vya vitamini C, kwa wengi wetu havizuii mafua. Ukivinywa kila siku vinayafupisha kidogo, basi.

Sasa naandika daftari: nimekula nini, saa ngapi, kifua kikoje. Salfaiti naziepuka moja kwa moja, emulsifaya nazipunguza tu bila kujitesa. Na kama una pumu, usijijaribu nyumbani kwa kula kitu unachokishuku "uone kama kweli". Jaribio hilo nilifanyiwa kliniki, oksijeni ikiwa pembeni, na bado nilitetemeka.