Namba za Kirumi usiziguse (kwa unayetaka kuanza The Moonstone)

Mkuu funga hicho kitabu kwanza. Funga. Umesema umenunua The Moonstone ya Wilkie Collins, riwaya ya upelelezi kuhusu almasi iliyoibiwa, kurasa karibu 500, na umeanza na utangulizi "ili upate picha" ndo uingie kwenye hadithi. Nimeisoma hiyo sentensi nikiwa nakula, kijiko nikakiweka chini.

Picha utaipata, tena kamili, hadi sura ya mwizi.

Mimi yalinikuta kwenye basi la Dar kwenda Mwanza. Nikajisemea safari ya kutwa nzima hii ndo ya kummaliza huyu Collins. Kibaha nikafungua utangulizi, profesa kauandika vizuri kweli, mara Collins alikuwa rafiki wa mwandishi Charles Dickens, mara alikuwa anaandika huku jongo limemlaza kitandani na mama yake yuko mahututi na bado kila wiki sehemu mpya lazima itoke, na mimi naitikia kwa kichwa kama niko lekcha. Chalinze bado naitikia. Ukurasa wa tatu, kwenye aya inayozungumzia mambo ya ukoloni huko India, jamaa akamtaja aliyeichukua almasi na jinsi alivyoichukua, vyote kwenye sentensi moja, kama mtu anakutajia bei ya nyanya. Hata Morogoro hatujafika. Almasi yenyewe kwenye hadithi haijaibiwa bado, mimi mwizi nishamjua, na Mwanza iko mbele huko kilomita 900 na ushee.

Utasema si ungeendelea tu kusoma, kitabu kizuri ni kizuri. Niliendelea, ningefanya nini ndani ya basi. Ngoja nikwambie nilichopoteza. Kuna mlango wa chumba cha binti mwenye almasi, umetoka kupakwa rangi, na asubuhi baada ya wizi rangi imechubuka kidogo chini ya kitasa. Mkuu wa polisi wa pale mjini kashaliona hilo doa, kawafokea wafanyakazi wa kike kwamba ni sketi zao zimegusa, kapita zake. Halafu anakuja mpelelezi, Sergeant Cuff, kutoka London, mzee mwembamba, anabishana kwanza na mtunza bustani kuhusu maua ya waridi utadhani ndicho alichoitiwa, ndo anaingia ndani na kuinama kwenye lile doa. Rangi ilimalizwa saa tisa mchana, inakauka kwa saa 12, kwa hiyo kufikia saa tisa usiku ilikuwa kavu. Saa sita usiku mlango ulionekana mzima. Basi kuna mtu kapita pale katikati ya hayo masaa matatu, na mahali fulani ndani ya nyumba ile kuna nguo yenye doa la rangi. Ya nani?

Hapo msomaji wa kawaida anasimamisha pumzi anaanza kuhesabu nguo za watu. Mimi nilipiga miayo. Nguo naijua ya nani. Jirani yangu kwenye siti alikuwa anaangalia muvi ya kupigana kwenye simu, nikamwonea wivu, maana yeye angalau hajui nani atashinda (sawa, alijua).

Na watu wa enzi hizo walifaidi sana. Hadithi ilitoka kwenye jarida la Dickens kila wiki kuanzia Januari hadi Agosti 1868. Mchapishaji aliyekuja kuitoa kama kitabu alisimulia kwamba watu walikuwa wanajaa Wellington Street, mtaa wa London yalipokuwa maofisi ya jarida, siku ya toleo jipya, kwamba wabeba mizigo walikuwa wanajibanza kwenye kona kuisoma, mzigo bado uko mgongoni, na kwamba watu waliwekeana dau almasi itakutwa wapi. Dau! Mbeba mizigo wa London alipewa heshima ya kutojua, mimi niliyelipa hela yangu nikanyimwa.

Aliyeniponza ni ticha wetu wa fasihi A-level, alikuwa anasema asiyesoma utangulizi hajasoma kitabu. Ticha, popote ulipo, Mungu anakuona. Na profesa naye sijui alidhani anamwandikia nani, kwamba kuna mtu anasoma kitabu chote halafu anarudi mwanzo kusoma utangulizi? Kama ni hivyo si uuweke mwisho mzee wangu, karatasi ni zile zile. Matoleo mengine siku hizi yanaweka onyo kwamba humu kuna siri za hadithi, langu halikuwa na kitu.

Kwa hiyo sheria ni moja: ukurasa wenye namba ya Kirumi (i, ii, iii, ndo zinazowekwa kwenye utangulizi) usisome. Hata dibaji ya Collins mwenyewe iache, inagusia jaribio fulani la kule mwishoni. Zile nyota za maelezo ya nyuma nazo zipite kama hujaziona. Na usije ukagoogle jina la mhusika yeyote eti umesahau ni nani, utaletewa jibu ambalo hujauliza.

Ila prologi soma! Hiyo ni hadithi yenyewe, mambo ya Seringapatam 1799 na jinsi almasi ilivyoporwa kule India. Nasema hivi kwa sababu nilimpa shemeji ushauri huu akaruka vyote, akafika ukurasa wa 60 ananipigia simu kuuliza hawa Wahindi watatu wanatafuta nini. Kosa langu hilo, nakiri.

Uliuliza na mengine, Kiingereza sijui kigumu, sijui uanze na The Woman in White, kitabu chake kingine. Kiingereza utakiweza, mzee Betteredge anayesimulia mwanzoni anaongea kama babu barazani, anahama mada kila dakika. Hilo lingine atakujibu mwenye akili timamu, mimi bado nina hasira.

Kopi yangu ya sasa, maana ile niliigawa, kurasa za utangulizi nimezibana kwa pini tatu za stepla kabla hata sijaiweka kabatini. Wewe umefika wapi? Kama uko ukurasa wa pili, mkuu, nakuomba ubaki hapo hapo.