Kwanza tembeeni, kunyoosha kutasubiri

Swali lenu la wiki kwa wakimbiaji lilikuwa fupi: "Ukimaliza kukimbia, unanyoosha misuli kwa dakika ngapi?" Jibu langu ni sifuri. Tena swali lenyewe limenikera, kwa sababu limeruka kipande cha muda ambacho ndicho kinachowaangusha watu. Kabla ya kuulizana habari za kunyoosha, tuulizane kwanza: zile dakika kumi baada ya kuvuka utepe wa kumalizia, mtu anaifanyia nini miguu yake?

Nenda kwenye mbio yoyote ya barabarani, au hata Jumapili ya kawaida klabu za jogging zinapomalizia Coco Beach, utaona. Mtu anavuka mstari, anasimama papo hapo, anabonyeza saa, anavishwa medali, anageukia simu ya mwenzake. Mwingine anainama na kushika magoti. Wale wanaojiona wajuzi wanapinda kiuno moja kwa moja kugusa vidole vya miguu, kichwa chini, eti wananyoosha. Haipiti muda mmoja wao yuko chini, watu wamemzunguka, huyu anampepea kwa kofia, yule anammiminia maji mdomoni.

Sababu yake haina maajabu. Unapokimbia, mishipa ya damu ya miguuni inatanuka na damu nyingi inashuka huko. Kinachosaidia kuirudisha juu ni vigimbi na mapaja, ambavyo kila hatua vinaibana mishipa na kuisukuma damu kuelekea moyoni. Ukisimama ghafla, msukumo unakatika ilhali mishipa bado iko wazi. Moyo unapokea damu kidogo, presha inashuka, kichwa kinakosa damu. Jua likiwa kali, kama lile la saa nne asubuhi kwenye mbio za Moshi mwishoni mwa Februari, hali inazidi, maana damu nyingine imekwenda kwenye ngozi kuupoza mwili. Ndiyo maana wengi wanaoanguka kwenye mbio ndefu huanguka baada ya kumaliza. Na aliyekuwa anapepesuka, ukimwinamisha kichwa kisha akainuka kwa kasi, umemmalizia.

Kwa hiyo: ukivuka, endelea. Jogi taratibu dakika mbili, kisha tembea dakika nane hadi kumi, mpaka pumzi irudi kiasi cha kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Ukihisi kizunguzungu usikae kitako wala usishike ukuta ukiwa umesimama. Lala chali, miguu juu ya begi au kiti, ipite usawa wa moyo. Wengi hurudi sawa kwa namna hiyo tu, bila dripu. Asiyepata nafuu ndani ya robo saa, au anayeongea maneno yasiyoeleweka, huyo ana tatizo jingine, na kumwinulia miguu hakutoshi.

Hapo lazima nimseme Hyvon Ngetich, kwa sababu video yake bado inazunguka kwenye magrupu kila msimu wa mbio unapokaribia, ikiwa na maneno ya kututia moyo tusikate tamaa. Ni Mkenya, alikimbia marathoni ya Austin, Texas, Februari 2015. Aliongoza sehemu kubwa ya mbio. Karibu kabisa na mwisho miguu ikakataa, akaanguka, akaanza kutambaa kwa mikono na magoti juu ya lami. Wahudumu walikuwa pembeni yake na kiti cha magurudumu, hakukikubali, maana angesaidiwa angeondolewa kwenye matokeo. Alimaliza wa tatu kwa saa 3, dakika 4 na sekunde 2, sekunde tatu tu nyuma ya aliyeshika nafasi ya pili, na mkurugenzi wa mbio akaamua apewe zawadi sawa na ya huyo wa pili. Heshima yake simpunguzii hata chembe.

Ila video tunazotumiana hukatikia kwenye mstari, na cha kujifunza kiko baada ya mstari. Alipofikishwa kwa waganga alikutwa sukari ya damu imeshuka sana, na baadaye alisema hakumbuki jinsi alivyomaliza. Hebu lizingatieni hilo. Huyu hakuwa mtu wa kusimama ghafla na presha kushuka. Alianguka akiwa bado mbioni, akiba ya wanga imekwisha, ubongo hauna cha kutumia. Angewekewa miguu juu na kupepewa kwa kofia asingepona. Alihitaji sukari, na alihitaji mtu wa kuipima. Katika hema la huduma ya kwanza hilo ndilo swali la kwanza: ameanguka kabla ya utepe au baada yake? Baada, na fahamu anazo, mara nyingi ni presha iliyoshuka. Kabla, chukulia kuwa ni hatari mpaka ithibitike vingine: sukari, joto, moyo au chumvi kupungua mwilini. Kama joto la ndani limepita nyuzi 40 na mtu amechanganyikiwa, anapozwa hapo hapo, kwenye beseni kubwa la maji ya barafu, au mashuka yaliyoloweshwa maji baridi yakibadilishwa kila yanapopata joto, na safari ya hospitali ifuate. Nusu saa ya foleni ndani ya gari lenye joto inaweza kumuua. Hayo ndiyo niliyotaka tutumiane kila msimu, pamoja na ile picha ya ushujaa.

Tuje kwenye kunywa, kwa kifupi. Jipime uzito kabla na baada, ukiwa umejifuta jasho na bila nguo zilizolowa. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Rudisha lita moja na robo hadi moja na nusu kwa kila kilo, taratibu, kwa saa mbili hadi nne, pamoja na chumvi, maana maji matupu mengi yataishia chooni. Kama uzito umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hapo usiongeze. Katika marathoni ya Boston ya 2002, watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 wana upungufu wa sodiamu, yaani chumvi ya damuni, na walioongezeka uzito njiani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kichwa kuuma, kutapika, pete kubana kidoleni, kuchanganyikiwa: mtu huyo usimlazimishe maji wala usimwekee dripu kwa kubahatisha.

Dafu tunalisifia sana. Ni zuri, lina potasiamu tele, lakini sodiamu yake ni kidogo, na jasho linatoa sodiamu zaidi. Kunywa, kisha tafuna kitu chenye chumvi. Wale watu wa jogging wa Dar wanaomalizia kwenye supu na chapati wanachekwa bure: supu ya mbuzi ina maji, chumvi na protini kidogo, chapati ina wanga. Bia itakayofuata ndiyo inayoharibu, angalau isubiri mpaka mkojo uwe mweupe.

Chakula kinategemea utakimbia tena lini. Kama ni jioni ileile, mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 70 za wanga kila saa kwa saa nne za mwanzo: kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari, slesi mbili za mkate na ndizi mbivu vinafika hapo. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi inayonyweka kwenye kambi za wakimbiaji za Iten, Kenya, baada ya mazoezi ya asubuhi si mazoea tu. Waliopima mlo wa wakimbiaji wakubwa wa Kenya walikuta robo tatu ya nishati yao inatoka kwenye wanga. Protini gramu 20 zinatosha, yaani mayai mawili na glasi ya maziwa. Kama utakimbia tena keshokutwa, kula tu mlo wako wa kawaida.

Kingine, kwa msisitizo: msimeze dawa za maumivu, diklofenaki wala ibuprofeni, hapo utepeni. Najua zinauzwa kila duka la dawa bila kuulizwa. Figo zilizopungukiwa maji zinategemea kemikali za mwili zilezile ambazo dawa hizo zinazizuia. Ngoja mpaka umekunywa, umekula na umekojoa.

Sasa kunyoosha. Nilikusudia kumalizia kwa kusema acheni kabisa. Majaribio yaliyokusanywa na kupitiwa kwa pamoja na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yanaonyesha kuwa kunyoosha baada ya mazoezi hupunguza maumivu ya misuli ya kesho yake kwa kama nukta moja katika kipimo cha nukta 100. Tofauti hiyo huwezi kuihisi.

Lakini nikiendelea kuandika naona nimekuwa mkali mno. Anayenyoosha anabaki uwanjani robo saa zaidi, kivulini, mbele ya macho ya wenzake. Asiyenyoosha anavuka utepe na kurukia bodaboda, magoti yamekunjwa, fulana imelowa, upepo unampiga kifuani, na akizidiwa anazidiwa akiwa peke yake barabarani. Kwa hiyo jibu langu la sifuri nalirekebisha: dakika tano, lakini zianzie dakika ya 15, baada ya kutembea, kunywa na kubadili fulana. Vigimbi ukiegemea ukuta, sekunde 30 kila mguu, mara mbili. Paja la mbele ukiwa umelala ubavu. Nyuma ya paja ukiwa umelala chali, kanga au taulo imezungushwa unyayoni, unavuta mpaka uhisi kukazwa bila kuuma. Kuinama kichwa chini ndiko ninakokukataa mpaka leo.

Hili la kutembea baada ya kumaliza, wakimbiaji hawawezi kulibeba peke yao. Waandaaji wakiweka medali na mpiga picha mita 100 baada ya utepe, na maji katikati yake, watu watatembea bila kuambiwa.

Na mtu aliyeshikwa na maumivu makali ya ghafla, mahali pamoja anapoweza kupaonyesha kwa kidole, hizo dakika tano hazimhusu. Msuli uliochanika ukiuvuta unauchana zaidi. Kigimbi kilichokaza tu kinavutwa taratibu na kinaachia. Kilichochanika hakiachii, na huyo aondoke uwanjani kwa kubebwa.