Hela yako iko kwa nani? Maswali yenu kuhusu hoteli, apu na madalali wa safari

Meseji za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: mtu kaona bei hii kwenye simu, kafika hoteli kakuta bei ile, au kalipa kabisa halafu chumba hakuna. Nimechagua sita, nimezifupisha, majina nimeyaacha.

Salaam alaikum. Mimi nauza nguo hapa Arua, mzigo nachukua Dubai. Safari hii nilibuku hoteli ya Deira kwenye apu nikalipa kwa kadi kabla ya kutoka nyumbani. Kufika kaunta naambiwa nitoe pesa ya "tourism" kwa kila usiku, halafu tena depoziti. Nililipa kwa sababu ilikuwa usiku na sina pa kwenda. Niliibiwa? (Mama wa nguo, Arua)

Wa alaikum salaam dada. Ile ya kila usiku hukuibiwa. Inaitwa Tourism Dirham, ilianza 2014, serikali ya Dubai ndio inaitoza, hoteli inakusanya tu. Ni kati ya dirham 7 na 20 kwa usiku, inategemea nyota za hoteli, na inahesabiwa kwa chumba, sio kwa kichwa. Kwa hiyo mkilala wawili chumba kimoja halafu wawatoze mara mbili, hapo mna haki ya kusimama kaunta na kuuliza.

Kinachoniudhi ni vile apu zinavyoificha. Ile bei ya kwanza kwa herufi nene mara nyingi sio yote. Ukibonyeza maelezo ya bei ukashuka mpaka chini kabisa, chini ya kila kitu, unakuta mstari mdogo unasema kuna pesa itakayolipwa hotelini. Hapo hapo angalia na zile nyingine za Dubai: VAT asilimia 5, ya manispaa asilimia 7, servisi chaji asilimia 10. Kuna apu inaziweka ndani ya bei tangu mwanzo na nyingine inazileta mwishoni, ndio maana hoteli ileile inaonekana rahisi huku na ghali kule wakati mwisho wa yote unalipa sawasawa. Usilinganishe bei za ukurasa wa kwanza, linganisha zile za mwisho kabisa kabla ya kulipa.

Depoziti nayo ni ya kawaida lakini kwa mtu wa biashara kama wewe ina shida yake. Ukitoa kadi, hoteli inafunga kiasi fulani, hela haijatoka lakini huwezi kuitumia, na ukishaondoka benki inaweza kuchukua siku kadhaa kuifungua. Sasa wewe umepanga kadi hiyo hiyo ilipie mzigo, unafika dukani inakataa. Bora utoe kesh ya dirham, udai risiti yenye muhuri, na uidai hela yako kabla hujatoa mabegi chumbani.

Kingine dada, ukilipa kwa kadi ile mashine inaweza kukuonyesha kiasi mara mbili, kwa dirham na kwa shilingi za Uganda, uchague. Mtu anaona shilingi anafurahi kwa sababu anaielewa. Chagua dirham! Ile ya shilingi wameibadilisha kwa reti yao wenyewe na faida yao iko ndani, na mara nyingi ni mbaya kuliko ya benki yako. Na karani akikubonyezea bila kukuuliza, mwambie afute aanze upya, usione haya.

Habari za kazi ndugu mhariri. Tulikuwa na harusi Mombasa, tukabuku nyumba ya watu nane kwenye tovuti moja, nikalipa yote kwa kadi yangu ya benki. Siku ya kufika meneja anasema hatujui, jina halipo na nyumba imejaa. Tovuti wanasema ongea na nyumba, nyumba wanasema ongea na tovuti. Tukalala kwa wakwe, aibu tupu. Hela nitaipata? (Baba wa bibi harusi, Mbale)

Pole sana mzee wangu, na hongera ya harusi. Swali la kujiuliza kabla ya yote ni moja tu: hela yako iko kwa nani?

Kuna aina mbili za kubuku na kwa macho zinafanana. Ya kwanza unaweka jina kwenye tovuti lakini unalipa mwenyewe hotelini, hoteli ndio inashika hela yako na tovuti inapewa kamisheni yake baadaye, ambayo mara nyingi ni asilimia 15 au zaidi. Ya pili unalipa tovuti, tovuti inakaa na hela, halafu yenyewe ndio inailipa hoteli. Hii ya pili ndio yako, na ndio maana meneja alikurudisha, kwa sababu kwake hakuna shilingi yako hata moja ya kukurudishia. Hakuwa anakukwepa bure, ingawa kuwaacha watu wa harusi nje na mabegi ni jambo la kusikitisha kabisa.

Halafu kuna kitu wateja wengi hawaambiwi. Ile tovuti uliyoiona inawezekana haikuongea na nyumba hiyo hata siku moja. Kuna kampuni zinanunua vyumba kwa jumla na kuziuzia tovuti ndogo ndogo, na hizo ndio zinakuuzia wewe, kwa hiyo jina lako linapita kwa watu wawili watatu kabla ya kufika kaunta, na njiani linaweza kupotea. Barua ya kuthibitisha unayo, ni ya kweli, lakini ni ya tovuti, na hoteli haina habari.

Sasa cha kufanya. Andikia tovuti kwa imeli, acha simu kwanza, sema tarehe, kiasi, na kwamba huduma hukupewa. Ambatanisha ujumbe wowote wa meneja unaosema hana jina lako, hata wa WhatsApp. Wakizunguka, nenda benki yako na karatasi hizo uwaambie unataka kupinga malipo ya kadi kwa sababu huduma haikutolewa. Visa na Mastercard zina utaratibu huo, na muda wa kudai kwa kawaida ni kama siku 120, kwa hiyo usikae ukisubiri ahadi za "tunashughulikia". Kama ungelipa kwa MoMo au Airtel Money kwenda namba ya mtu, mlango huo usingekuwepo, hela ikishatoka imetoka, labda yeye mwenyewe akubali. Wewe hapo una bahati.

Na kwa shughuli nyingine yoyote yenye tarehe isiyosogea, harusi, mazishi, mahafali, ukishabuku piga simu hotelini siku mbili tatu baadaye. Namba itafute kwenye ukurasa wa hoteli yenyewe. Uliza jina langu mnalo? Mnipe namba ya rizevesheni ya kwenu, ya hapo hotelini, sio ile ya tovuti. Wakikuambia hawaoni kitu bado una wiki nzima ya kupigana, badala ya kujua saa tatu usiku ukiwa na watoto mlangoni.

Na kwa Kenya tayarisha VAT yao ya asilimia 16 pamoja na tourism levy ya asilimia 2, uliza kama ziko ndani ya bei.

Hoteli ya hapa Kampala waliniambia chumba 200,000, bili ikaja 259,600. Inawezekana vipi? (Msomaji, Mbarara)

Inawezekana hivi kaka: 200,000 wakaongeza servisi chaji asilimia 10 ikawa 220,000, halafu VAT asilimia 18 juu ya hiyo yote, ndio 259,600. Hesabu yao iko sawa. Ubaya ni kukutajia bei ikiwa uchi bila kusema chochote. Siku nyingine uliza maneno haya haya: "hiyo ni bei ya mwisho, VAT na servisi ziko ndani?" na wakujibu kwa meseji ubaki nayo. Na kama wamekutoza VAT wadai risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), ile yenye alama ya QR, ambayo unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya URA. Asiyesajiliwa kwa VAT haruhusiwi kukutoza VAT, na risiti ya kitabu cha duka iliyoandikwa kwa kalamu haithibitishi kwamba hiyo asilimia 18 ilienda serikalini.

Marekani walichoka na haya mambo, hoteli zilikuwa zinaongeza "resort fee" baada ya mtu kushabuku. Tangu 12 Mei 2025 sheria ya FTC, shirika lao la serikali la kulinda wateja, inataka bei ya jumla ya chumba ionyeshwe mwanzo kabisa, na ada zote za lazima ziwe ndani. Natamani sana na sisi tufike hapo, maana mtu wa Mbarara anayekuja Kampala kumuuguza mgonjwa anabeba hela ya kuhesabu, hiyo 59,600 ndio chakula chake na nauli ya kurudi.

Sisi ni kikundi cha walimu, tunataka kuona sokwe (gorila) wa msitu wa Bwindi mwezi wa nane. Kijana mmoja ametupa bei ya "kila kitu", loji na kibali, tutume hela kwa simu yake. Bei ni nzuri. Tuamini? (Walimu, Jinja)

Walimu wangu, msitume bado. Kwanza kibali. Kwa raia wa Afrika Mashariki kibali cha kuwaona gorila ni shilingi 300,000, mgeni wa nje analipa dola 800 tangu Julai 2024. Kinatolewa na UWA (Uganda Wildlife Authority), kina jina la mtu, tarehe na sekta. Kama bei ya "kila kitu" ya huyo kijana ukitoa 300,000 haibaki hela ya kulala siku mbili na kula, basi kuna kitu hakimo, na mtakijua mkiwa porini.

Hiyo sekta ndio watu wanapigwa hata na mawakala waaminifu. Bwindi ina sehemu nne za kuanzia: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kwenye ramani ya simu zinaonekana zimekaribiana, kumbe kwa gari ni milima na kona, kutoka Buhoma kaskazini mpaka Rushaga kusini ni masaa. Sasa apu inawauzia loji nzuri Buhoma kwa bei ya punguzo, kibali kinasema Rushaga, na mnatakiwa mfike kwenye maelekezo asubuhi kwenye saa mbili. Mtaamka saa ngapi, na gari gani litawapitisha gizani kwenye udongo ule ukinyesha? Ukichelewa kibali kinakufa na loji haikurudishii kitu. Kwa hiyo kibali kwanza, msome sekta, ndio mtafute pa kulala sekta hiyo hiyo.

Kijana mwambieni awaonyeshe leseni ya Uganda Tourism Board, na akisema ni mwanachama wa AUTO, chama cha kampuni za utalii Uganda, waulizeni AUTO wenyewe. Hela ipelekwe kwenye akaunti ya kampuni, sio namba ya mtu, mlipe sehemu, na iliyobaki mkishaona vibali vyenye majina yenu. Akikasirika kwa sababu mmeuliza, mwacheni aende. Na kwa yeyote ambaye ameshaliwa: madai yasiyozidi milioni 10 yanaenda kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, huhitaji wakili, unamwandikia barua ya kudai ukimpa siku 14, asipolipa unafungua. Wengi wanaachia laki tano tano kwa kudhani korti ni ya matajiri.

Ajenti amenitumia karatasi ya tiketi kwenye WhatsApp, ina jina langu na ndege. Nitajuaje ni tiketi kweli? (Anayeenda Doha, Entebbe)

Mdogo wangu, karatasi ya rizevesheni na tiketi sio kitu kimoja. Rizevesheni ina msimbo (code) wa herufi na namba, jumla sita, na inaweza kuwepo bila mtu kulipa hata senti, baada ya muda inajifuta yenyewe. Tiketi iliyolipwa ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: Kenya Airways 706, Ethiopian 071, Emirates 176. Huoni tarakimu 13? Bado huna tiketi. Ingia tovuti ya shirika lenyewe, weka ule msimbo wa sita na jina la ukoo, uone kama imethibitishwa na kama jina limeandikwa sawa na pasipoti, herufi kwa herufi. Hapo hapo weka na namba yako ya simu na imeli, kwa sababu ajenti wengi wanaweka za kwao, ndege ikibadilishwa saa ujumbe unaenda kwake na wewe unakuja Entebbe ndege imeshaondoka.

Nimebuku hoteli Nairobi. Sasa ndani ya chati ya ile ile apu hoteli wananiandikia nithibitishe kadi ndani ya masaa 12 la sivyo chumba kinafutwa, na kuna linki. Nibonyeze? (Msomaji, Kampala)

Usibonyeze dada. Wezi wanaingia kwenye akaunti ya hoteli na kuandikia wageni kutoka humo humo ndani, ndio maana wanajua jina lako na tarehe zako na ujumbe unaonekana halali kabisa. Hiyo ya masaa 12 ni ya kukukimbiza usipate muda wa kuuliza mtu. Pigia hoteli kwa namba ya ukurasa wao, sio iliyo kwenye ujumbe. Kama umeshabonyeza na kuweka namba za kadi, piga benki sasa hivi waifunge, hata kama ni usiku, halafu ndio urudi kwenye habari za chumba.